Mvua Mlali ni moja: Jinsi ya kuchagua na kutunza mbegu ya mtama na karanga isikuangushe

Mkulima wa Mlali, wilayani Kongwa, hana nafasi ya pili. Kanda ya kati mvua ni ya msimu mmoja tu. Kwa kawaida inaanza Desemba, inaisha Aprili, na hapo katikati, mara nyingi Februari, inaweza kukata kwa wiki kadhaa.

Sasa fikiria umepanda mbegu isiyoota. Utagundua baada ya siku 7 hadi 10. Unyevu wa mvua ya kwanza umeshapotea, mbegu nyingine huna, na pesa ya kwenda duka la pembejeo ndiyo ile uliyoitumia kulima. Ukija kupanda tena, mtama unachanua mvua ikiwa inaaga.

Kiukweli, msimu mwingi unaosemwa umeharibiwa na mvua ulianza kuharibika miezi 7 nyuma, pale mbegu ilipochotwa tu kwenye gunia la chakula. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua, kukausha, kutunza na kupima mbegu ya mtama na karanga, mazao mawili yanayoihitaji sana kazi hii. Uwele, alizeti na mahindi tutayagusa kwa kifupi, maana yana tabia tofauti.

Kwa haraka: mambo 5 ya kukumbuka

- Chagua mbegu shambani mmea ukiwa umesimama, siyo ghalani.
- Mbegu chotara usiihifadhi. Mazao yake yatatoka mchanganyiko.
- Kausha vizuri kabla ya kufunga. Unyevu unaua mbegu kuliko wadudu.
- Karanga za mbegu zikae kwenye maganda mpaka karibu na kupanda.
- Pima uotaji Oktoba au Novemba, kabla mvua haijaanza.

Kwa nini mbegu ya nyumbani bado ina maana

Maduka ya pembejeo yapo, na mbegu bora iliyothibitishwa ikipatikana ni jambo zuri. Lakini kampuni za mbegu zinapenda zaidi mahindi chotara na mboga, kwa sababu mkulima anarudi kununua kila mwaka. Mtama na karanga haziko hivyo. Mkulima akinunua mara moja anaweza kujizalishia mwenyewe kwa misimu kadhaa, kwa hiyo muuzaji hapati sababu kubwa ya kujaza rafu.

Kwa karanga kuna tatizo la ziada, nalo ni uzito. Ekari moja ya mtama inahitaji kilo 4 hivi za mbegu. Ekari moja ya karanga inahitaji kilo 35 hivi zilizobanguliwa, sawa na kama kilo 50 zikiwa na maganda.

Piga hesabu. Ukivuna kilo 400 za mtama kwenye ekari, mbegu ya mwaka ujao ni sehemu 1 kati ya 100. Ukivuna kilo 400 za karanga zenye maganda, sehemu 1 kati ya 8 inatakiwa irudi ardhini. Ndiyo maana mbegu ya karanga inaliwa au kuuzwa haraka sana: ni nyingi, ni tamu, na bei yake sokoni inavutia.

Kongwa yenyewe ina historia nzito kuhusu hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga, kwa matrekta, reli na mamilioni ya pauni. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua zikakatisha tamaa, na Januari 1951 mradi ukatangazwa kufutwa. Hadi mwisho wake, mradi ulikuwa umeingiza karanga nyingi za mbegu kuliko zile ulizovuna.

Wakulima wa kawaida waliendelea kulima karanga baada ya matrekta kuondoka. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na meli ya kuwaletea mbegu nyingine. Walitegemea walichoweka.

Ipi ihifadhiwe, ipi usijisumbue

Kabla ya kuchagua, jua ulipanda nini. Hapa ndipo wengi wanapoteleza.

*Aina za kawaida* (siyo chotara) za mtama na karanga zinazaa watoto wanaofanana na mama. Hizi unaweza kuzihifadhi. Kundi hili lina mbegu za asili mlizorithi pamoja na aina zilizoboreshwa na watafiti, kama mtama wa Macia, Pato, Wahi na Hakika, au karanga za Pendo.

*Mbegu chotara* inatokana na kuchanganya wazazi wawili tofauti. Mwaka wa kwanza shamba linapendeza. Ukihifadhi mazao yake na kuyapanda, mwaka wa pili mimea inatoka mirefu na mifupi, inakomaa kwa nyakati tofauti na mavuno yanashuka. Mahindi mengi ya dukani na baadhi ya alizeti ziko kundi hili. Soma pakiti, na kama umeitupa, muulize aliyekuuzia.

Sababu ya tofauti hii ni chavua. Ua la mtama kwa sehemu kubwa linajichavusha lenyewe, na la karanga karibu lote. Uwele, mahindi na alizeti zinapokea chavua kutoka mimea mingine kwa upepo au nyuki. Shamba la jirani likichanua wakati mmoja na lako, mbegu yako tayari ina damu ya jirani.

Mtama: anza suke likiwa bado shambani

Ghalani punje zote zinafanana. Huwezi kujua ipi imetoka kwenye mmea uliostahimili ukame wa Februari na ipi imetoka kwenye mmea uliolala chini. Shambani unaona kila kitu.

1. *Tenga eneo.* Chagua sehemu ya katikati ya shamba yenye mimea mizuri. Pembeni mwa shamba kuna mchanganyiko wa chavua kutoka kwa jirani. Ukiweza kuwa mita 200 kutoka shamba la mtama wa aina nyingine, vizuri zaidi.

2. *Ng'oa mgeni mapema.* Mimea mirefu kupita kawaida, yenye suke la umbo au rangi tofauti, iondoe kabla haijachanua au mara tu inapoanza. Mtama pori nao uondoe. Ukiuacha, unaingiza tabia ya kupukutisha punje ndani ya mbegu yako.

3. *Kimbia magonjwa.* Suke lenye punje zilizogeuka unga mweusi kama masizi usilichukue, na usilipure pamoja na mengine. Unga ule ni vimelea vinavyong'ang'ania kwenye punje nzima na kuamka zikipandwa. Likate taratibu, liweke kwenye mfuko, ukalichome mbali na shamba.

4. *Angalia kiduha.* Gugu hili lenye maua ya zambarau au waridi linanyonya mizizi ya mtama, na mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Usichukue mbegu kwenye sehemu yenye kiduha, utakisafirisha hadi shamba safi. Kama kiduha ni tatizo sugu kwako, ulizia Hakika na Wahi. Aina hizi ziliidhinishwa nchini mwaka 2002 kwa sababu zinakistahimili.

5. *Funga alama.* Tembea shambani punje zikianza kugumu, ukiwa na vipande vya kitambaa. Funga kwenye mimea iliyosimama imara, iliyokomaa kwa wakati, yenye suke lililojaa. Usiangalie ukubwa wa suke peke yake. Suke kubwa lililo peke yake kwenye nafasi wazi au karibu na zizi lilishiba mbolea. Huenda mmea wenyewe hauna jipya. Suke zuri lililozungukwa na wenzake, kwenye udongo uleule, ndilo la kuaminika.

6. *Vuna kwa wakati.* Chomoa punje na uangalie sehemu iliyoshikana na suke. Ukiona doa jeusi pale chini, punje imemaliza kujaza. Usingoje sana baada ya hapo, maana kweleakwelea na wadudu nao wanasubiri.

Je, masuke mangapi yanatosha? Suke la wastani lina gramu 40 hadi 50 za punje. Kwa ekari moja, masuke 100 yanatoa kilo 4 hadi 5. Chukua 120 hadi 150 ili ubaki na akiba. Idadi hii ina faida nyingine: ukichukua mbegu kwenye masuke matano makubwa tu, unapunguza utofauti wa asili ndani ya mbegu yako, na utofauti huo ndio unaookoa shamba hali ya hewa ikibadilika.

Karanga: mbegu iko chini, dalili ziko juu

Kwa karanga, weka alama kwenye mashina yenye afya kabla majani hayajakauka. Shina lililodumaa, lenye majani madogo ya njano yaliyokunjamana, lina ukoma wa karanga unaoenezwa na vidukari. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa mbegu, lakini shina la namna hiyo linatoa punje chache na dhaifu, kwa hiyo liache.

Kujua kama zimekomaa, ng'oa mashina 5 sehemu tofauti, pasua maganda, uangalie ukuta wa ndani. Ukuta mweupe maana yake bado. Kama karibu robo tatu ya maganda yana ukuta wa kahawia iliyokolea, vuna.

Usicheleweshe. Karanga za muda mfupi, zinazokomaa ndani ya miezi 3 hivi, zinaweza kuanza kuota zikiwa bado ardhini kama mvua ya mwisho itazikuta.

Baada ya kung'oa, kung'uta udongo na ugeuze mashina, maganda yatazame juu, kwa siku 2 hadi 3. Kisha chambua na umalizie kukausha kwenye turubai au mkeka, ukizigeuza mara kwa mara. Usiweke juu ya udongo mtupu.

Tupa zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Hapa tuongee wazi: karanga zenye ukungu siyo za kupikia wala za kutengenezea siagi ya watoto. Zinaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi na ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 wakafariki mikoani Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ambapo mahindi yaliyochafuliwa yalihusishwa. Mbegu mbovu iondoke kabisa nyumbani.

Zilizobaki zihifadhi na maganda yake. Ganda ni ghala la bure. Punje ikishabanguliwa, ngozi yake nyembamba inachubuka na uotaji unashuka haraka. Bangua kwa mkono wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Na ile tabia ya kulowesha maganda ili yabanguke kirahisi iache, maana unakaribisha ukungu.

Uwele, alizeti na mahindi

Kwa kuwa mazao haya yanachanganyika chavua, kanuni ni mbili. Kwanza, chukua mbegu katikati ya shamba. Pili, chukua kutoka mimea mingi, angalau 100, ili kizazi kijacho kisidhoofike.

Alizeti ya kawaida kama Record inaweza kuhifadhiwa, lakini nyuki wanatoka mbali, kwa hiyo usafi wa aina utapungua kila mwaka. Panga kununua mbegu mpya baada ya misimu michache. Mahindi ni hivyohivyo: ya kawaida unaweza kuyarudia, chotara hapana.

Kukausha: hapa ndipo mbegu inapona au inapokufa

Mbegu ni kitu hai kilicholala. Ikiwa na unyevu inapumua sana, inajichosha na kufa kabla ya Desemba. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa mbegu ni hii: unyevu wa punje ukishuka kwa asilimia 1, umri wa mbegu unakaribia kuongezeka mara mbili. Joto la mahali ilipo likishuka kwa nyuzi 5 hivi, faida ni ileile.

Mtama ufike asilimia 12 au chini yake. Karanga zifike 7 hadi 8. Huna kipimo? Tumia chumvi.

- Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, kavu kabisa.
- Weka chumvi kavu hadi robo, kisha mtama hadi nusu ya chupa.
- Funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15.
- Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, punje bado zina unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Rudisha juani.
- Chumvi isipoganda, upo vizuri kwa chakula. Kwa mbegu, ongeza siku 2 za kukausha.

Tandaza tabaka jembamba na ufunike jioni, umande usirudishe unyevu. Usianike mbegu juu ya bati, kwa sababu joto la pale mchana linaweza kuua kiini. Ukipura mtama, piga kwa upole. Punje iliyopasuka haioti.

Kuhifadhi: njia za zamani na za sasa

Katika kaya nyingi mbegu ni kazi ya mama, na njia zake zina mantiki. Masuke ya mtama yakining'inizwa juu ya jiko yanapata moshi unaofukuza fukusi na ukavu unaozuia ukungu. Angalizo ni moja: yasiwe karibu na moto kiasi cha kupata joto kali.

Kibuyu au chungu kilichozibwa mdomo nacho kinafaa. Mbegu huchanganywa na majivu makavu yaliyochekechwa, au majani makavu ya mwarobaini au kivumbasi. Majivu yanajaza nafasi kati ya punje na kukwaruza ngozi ya wadudu. Ni njia nzuri kwa kiasi kidogo.

Kwa kiasi kikubwa, mifuko isiyopitisha hewa inasaidia sana. Ina plastiki mbili ndani na kiroba nje. Ukifunga kila tabaka kwa kamba, wadudu waliomo wanamaliza hewa na kufa bila dawa. Lakini mbegu mbichi ikifungwa humo inaoza. Usiufungue kila wiki kuchungulia, na uweke juu ya kichanja, mbali na ukuta na panya.

Chupa za plastiki za maji za lita 1 au 1.5 nazo zinatosha kwa mbegu ndogo kama mtama, uwele, mlenda na mgagani. Zikauke kabisa, zijae hadi juu, zifungwe vizuri.

Ukipaka dawa ya mbegu ya dukani, fuata maelekezo ya pakiti. Mbegu hiyo hailiwi tena na watu wala kuku, hata njaa ikibana. Iandike wazi.

Na kila chombo kiwe na karatasi: zao, aina, shamba ilikotoka, mwezi na mwaka.

Pima kabla mvua haijakupima

Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ifanye Oktoba au Novemba, ukiwa bado na muda wa kutafuta mbegu nyingine.

Hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri. Kwa mtama, zipange kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka kivulini, usiruhusu kikauke. Kwa karanga, tumia mchanga wenye unyevu kwenye beseni. Baada ya siku 7 hesabu zilizoota na kuwa na mzizi na chipukizi zenye afya. Karanga ziongezee hadi siku 10.

- *85 au zaidi:* panda kama kawaida.
- *70 hadi 84:* panda, ila ongeza mbegu kidogo kila shimo.
- *60 hadi 69:* ongeza kiasi. Kama kawaida ni kilo 4 kwa ekari, kwa uotaji wa 60 tumia karibu kilo 6.
- *Chini ya 60:* tafuta mbegu nyingine. Mtama huo upeleke kinu, kama hauna ukungu wala dawa.

Unaruhusiwa kuuza?

Kupanda mbegu uliyojiwekea kwenye shamba lako ni kilimo cha kila siku. Kuiuza kama mbegu ni habari nyingine. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mzalishaji asajiliwe na mbegu ithibitishwe, kazi inayosimamiwa na Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania, TOSCI.

Kuna njia kwa wakulima wadogo: mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo wengi wanazijua kwa herufi QDS. Mkulima au kikundi kinasajiliwa, shamba linakaguliwa, na mbegu inauzwa ndani ya eneo lililoruhusiwa. Kwa zao zito kama karanga, ambalo kulisafirisha kutoka mbali ni gharama, kikundi kimoja cha namna hii kinaweza kubadili hali ya kata nzima. Anzia kwa afisa ugani wa kata.

Mahali pa kupata aina mpya ya kuanzia pia siyo mbali. TARI Hombolo, hapohapo Dodoma, na TARI Ilonga, Kilosa, wanafanya utafiti wa mtama na uwele. Mlali yenyewe ni miongoni mwa vijiji vya Kongwa vilivyofikiwa na mradi wa utafiti wa Africa RISING ulioanza miaka ya 2010, kwa hiyo wapo majirani wenye uzoefu wa aina zilizoboreshwa. Waulize wanapanda nini sasa.

Mbegu ya asili uliyorithi nayo usiitupe kwa sababu umepata mpya. Ikipotea kwenye kaya zote, haina duka. Benki ya taifa ya nasaba za mimea iko Arusha, lakini mbegu iliyo benki haijazoea mvua za miaka hii kama ile inayopandwa Mlali kila Desemba. Tenga hata mistari michache.

Kalenda ya mbegu Mlali

- *Februari–Machi:* ng'oa mimea migeni na iliyougua.
- *Aprili–Mei:* weka alama, vuna karanga, kausha.
- *Mei–Juni:* vuna masuke ya mbegu ya mtama kabla ya kuvuna shamba zima.
- *Juni–Julai:* malizia kukausha, pima kwa chumvi, funga, andika.
- *Agosti–Septemba:* kagua panya na matundu. Huu ndio wakati mbegu inashawishi kuuzwa Kibaigwa. Iache.
- *Oktoba–Novemba:* pima uotaji. Bangua karanga mwishoni.
- *Desemba:* panda, na ubakize robo ya mbegu mpaka mimea ya kwanza isimame.

Hiyo robo ndiyo nafasi yako ya pili.